Mtoto Anayelazwa kwa Utapiamlo: Kwa Nini Wengine Hawarudi Nyumbani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa matawi, Nakuru)



Leo hatuanzi na mishahara. Tutafika huko, maana jambo tulilo nalo mwisho wake ni mshahara na saa za kazi. Lakini kwanza twataka kueleza habari za watoto wadogo wanaolazwa hospitalini kwa sababu ya utapiamlo mkali, na kwa nini baadhi yao hufa hata baada ya kufikishwa kwa daktari.

Wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi chatafuta nini katika wadi ya watoto? Jibu letu ni fupi. Mama wa mtoto yule ni kibarua, baba yake ni kibarua, na mara nyingi kilichomchelewesha mtoto asifike hospitalini mapema ni kibarua chenyewe.

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Hapa si jangwani. Molo yatoa viazi, Njoro ngano, Bahati na Subukia mahindi na maharagwe, na maziwa yapita barabarani kila asubuhi kwenda viwandani. Walakini, katika hesabu ya afya iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2022, watoto 18 katika kila mia walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na 5 katika kila mia walikuwa wamekonda kupita kiasi kwa urefu wao. Twakubali kwamba mambo yamekuwa nafuu, maana mwaka 2014 waliodumaa walikuwa 26 katika mia. Lakini chakula kupita mbele ya mlango si chakula kuingia ndani ya nyumba, na hilo mchumaji maua wa Naivasha analijua kuliko mtu yeyote wa takwimu.

Utapiamlo mkali hujulikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni uzito wa mtoto kuwa chini mno ukilinganishwa na urefu wake. Ya pili ni mkono. Wahudumu wa afya ya jamii wanao utepe wa rangi tatu wanaouzungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Ukisoma chini ya sentimeta 11.5, hiyo ni rangi nyekundu, na mtoto yule yu hatarini. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, na zaidi ya hapo ni kijani. Ya tatu ni kuvimba miguu yote miwili, ambako ukibonyeza kwa kidole gumba kishimo hubaki.

Huu ugonjwa wa kuvimba ndio tunaouita kwashiakoo, na vitabu vyetu huuita unyafuzi. Jina la kwashiakoo lilitoka Ghana, katika lugha ya Waga wa pwani. Daktari mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa huko akaliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake mdogo wake alipokuja. Wale akina mama walikuwa wameona jambo ambalo madaktari walikuwa hawajaliona: mtoto huachishwa ziwa ghafula, halafu hupewa uji mtupu.

Hapa kuna hila ambayo imewadanganya wazazi wengi. Mtoto wa kwashiakoo ana mashavu, ana miguu minene. Jirani akimwona husema, "Huyu amenenepa." Basi hakuna haraka ya kwenda hospitali. Na anapoanza kupona kwa dawa, maji yale hutoka, uzito hushuka, mbavu huonekana, na mama hushtuka akasema mtoto amekondeshwa hospitalini. Wengine huwatoa watoto wao siku hiyo hiyo. Twawaomba wauguzi walieleze jambo hili mapema, nasi tulieleze majumbani.

Sasa tuje kwenye vifo. Mwaka 1996 wataalamu wawili, Schofield na Ashworth, walikusanya taarifa za hospitali za nchi nyingi tangu miaka ya 1950. Wakaona kwamba kwa miaka karibu hamsini, katika hospitali nyingi, watoto 20 mpaka 30 katika kila mia waliolazwa kwa ugonjwa huu walikufa. Dawa mpya zilikuja, majengo yakajengwa, hesabu ikabaki palepale. Nao walisema wazi kwamba sababu kubwa ilikuwa ni namna watoto walivyotunzwa, si kwamba ugonjwa hauna dawa. Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha kufuatwa mwaka 1999, lenye hatua kumi za kumtunza mtoto. Kwa kipimo chao, hospitali ikipoteza zaidi ya watoto 20 katika mia, hiyo haikubaliki, na ikipoteza chini ya 5, hiyo ni kazi njema.

Mfano wa hapa kwetu Kenya ni wa Kilifi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, watoto 920 wenye utapiamlo mkali walifuatwa katika hospitali ya huko. Walikufa 176, yaani 19 katika mia. Katika hao, 59 walikufa kabla ya kwisha saa 48 tangu kulazwa. Fikirini juu ya hesabu hiyo: theluthi moja ya waliokufa walikufa katika siku mbili za kwanza. Waliokuwa na viini vya ugonjwa ndani ya damu walikuwa zaidi ya robo ya waliokufa, na zaidi kidogo ya nusu yao walikufa kabla ya siku hizo mbili kwisha, ingawa dawa zilizokuwapo zingeweza kuviua viini vyao vingi. Walifika wamechelewa mno, dawa haikupata nafasi ya kufanya kazi.

Basi ni mtoto wa namna gani aliye karibu zaidi na kifo? Ni yule aliyelegea, hashtuki akiitwa. Ni yule mwenye mikono na miguu ya baridi, ambaye ukibonyeza ukucha wake damu hukawia kurudi. Ni yule ambaye moyo wake wapiga polepole, au mshipa wa mkono haushikiki. Kuharisha pamoja na macho kuzama ni hatari kubwa. Kupumua kwa shida ni hatari. Ngozi iliyobabuka kama iliyoungua moto ni hatari, kwa sababu viini huingia hapo. Na mtoto mwenye virusi vya UKIMWI, au kifua kikuu kilichojificha, yu katika hatari kuliko mwenzake, ndiyo maana hospitali hupima magonjwa hayo, wala mzazi asione kama anashukiwa.

Jambo moja lataka kusemwa pole pole. Mtoto mwenye njaa kali anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa mwilini na asiwe na homa hata kidogo. Homa ni kazi ya mwili unaopigana, na mwili wake hauna nguvu ya kupigana. Badala ya joto, hupoa. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Hana joto, tungoje Jumamosi nikipata mshahara." Kupoa kwake ndiko kubaya. Hospitalini kila mtoto wa namna hii hupewa dawa za kuua viini tangu siku ya kwanza bila kungoja homa.

Sukari ya damu nayo hushuka, hasa usiku na hasa njiani. Fikirini mama aliyetoka Marigat, kama kilomita 100 kutoka hapa, amengoja matatu tangu alfajiri, amefika hospitali kubwa ya Nakuru saa nane mchana akakaa foleni. Mtoto hajatia kitu kinywani tangu jana. Anaweza kufa palepale kwenye benchi, na watu wakadhani amelala. Mtoto aliye macho na anayeweza kumeza apewe maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa, katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji safi, kidogo kidogo. Anyonye ikiwa bado ananyonya. Afunikwe pamoja na kichwa, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Lakini mtoto aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Huyo mkimbizeni, na mkifika semeni kwa sauti kwamba amezimia, msingoje zamu. Kuomba kupitishwa mbele kwa mtoto wa namna hiyo si ukorofi.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo huwashangaza watu wote. Mtoto huyu aweza kuuawa na chakula. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umezima mashine zake nyingi, kama kiwanda kilichofungwa. Ukiwasha zote kwa mara moja, kitu hupasuka. Mwaka 1945, kambi za mateso za Ujerumani zilipofunguliwa, wafungwa wengi walikufa baada ya kupewa chakula kizito na askari waliowahurumia. Ndiyo maana hospitalini mtoto huanza na maziwa mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kalori 75 katika mililita 100, na akishatulia na hamu ya kula ikarudi ndipo hupandishwa kwenye yale ya kalori 100, au kwenye pakiti ya karanga iliyosagwa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Nyanya akileta chapati na nyama wadini kwa mapenzi, amwambie muuguzi kwanza.

Ni vivyo hivyo kwa maji ya mshipa. Watu wetu hupenda dripu. Mzazi akiona mtoto hajawekewa dripu husema amepuuzwa. Lakini moyo wa mtoto huyu ni dhaifu, na maji mengi ya haraka huujaza ukashindwa. Dripu ni ya mtoto aliye katika hali mbaya sana, kwa kipimo, huku akiangaliwa. Na dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma haitolewi katika siku za kwanza, hata kama mtoto ni mweupe mdomoni, kwa kuwa madini hayo huweza kuwapa nguvu viini kabla mwili haujapata nguvu. Tumeyasema haya ili mzazi akiona mtoto wake "hapewi kitu" ajue kwamba pengine anapewa kitu kigumu kuliko vyote, nacho ni kipimo.

Tupige hesabu ndogo kama makarani. Mtoto wa kilo 6 asiyevimba hupewa kwanza mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Hiyo ni mililita 780. Akilishwa kila saa mbili, ni mara 12, kila mara mililita 65, kama robo ya kikombe. Kila saa mbili, mchana na usiku: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi za usiku. Mtoto aliyechoka hanywi kwa pupa, hunyweshwa kwa kikombe polepole, na asipoweza hutiwa mpira puani. Sasa tieni watoto kumi katika wadi moja na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, ambaye pia anawatazama wenye nimonia na malaria. Nani atakayekosa maziwa ya saa nane za usiku? Hatutaji hospitali yoyote, wala hatuna ugomvi na muuguzi yule. Ni mfanyakazi kama sisi. Twasema kwamba idadi ya wauguzi wa usiku ni jambo la uhai na mauti, na vyama vya wauguzi vinapodai watu zaidi, wachumaji maua na wafanyakazi wa viwanda wawaunge mkono kwa faida yao wenyewe.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa vyama, tusilikwepe jambo la migomo. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia 5 Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Mwaka huo huo wa 2017 wauguzi wakagoma karibu miezi mitano. Haki ya kugoma imo katika Katiba ya 2010, nasi hatutaiuza. Lakini mtoto wa kulishwa kila saa mbili hajui mgomo. Maoni yetu ni kwamba serikali inayotia sahihi mkataba halafu ikauweka kabatini ndiyo yenye mzigo mkubwa. Na maoni yetu vile vile ni kwamba wadi ya watoto wa namna hii isiachwe bila mtu hata siku moja, na jambo hilo vyama vyenyewe vilipange kabla ya mgomo, si baada yake.

Sasa tuje nyumbani kwetu, Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, na kambi za mashamba ya Rongai na Solai. Mama hutoka saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wa miezi minne huachwa kwa msichana wa miaka kumi, au kwa jirani anayelea watoto wanane katika chumba kimoja. Hupewa uji mweupe wa mahindi, mwepesi ili upite kwenye chupa, na maji yenyewe hayakuchemshwa kwa sababu makaa ni ghali. Huanza kuharisha. Akiharisha hapendi kula, asipokula huzidi kuharisha. Huo ndio mzunguko. Mama akiona hali mbaya huhesabu: siku moja hospitalini ni siku moja bila ujira, na siku tatu bila kuonekana kazini ni kukuta jina la mtu mwingine kwenye orodha ya msimamizi. Hungoja. Akienda, na mtoto akilazwa wiki mbili, siku ya tano anafikiria watoto wengine watatu aliowafungia nyumbani. Humbeba mtoto akatoroka naye kabla hajapona. Hospitali huandika kwamba mzazi amekataa ushauri. Hakuna karatasi inayoandikwa kwamba msimamizi alikataa ruhusa.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Madaktari wasema mtoto anyonye ziwa la mama tu, bila kitu kingine, kwa miezi sita. Miezi mitatu iliyobaki inatoka wapi? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri waweke mahali pa kunyonyeshea au kukamua maziwa kazini, na kumpa mama nafasi ya kufanya hivyo. Waulizeni wasimamizi wenu chumba hicho kiko wapi. Kibarua wa kila siku naye asidhani kwamba hana lake: kifungu cha 37 cha ile Sheria ya Ajira chasema kwamba mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha kabla ya miezi mitatu, ana haki zaidi ya ujira wa siku. Lakini likizo ya ugonjwa iliyomo katika sheria hiyo ni ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Mtoto wake akiugua, sheria hiyo inanyamaza.

Hapo ndipo mkataba wetu wa pamoja unapoweza kusema. Kamati yenu imeandika kifungu cha kupelekwa mbele ya waajiri katika mazungumzo yajayo: kwamba mzazi ambaye mtoto wake wa chini ya miaka mitano amelazwa, akileta karatasi ya hospitali, apewe siku kumi za mshahara mzima kwa mwaka, wala kazi yake isipewe mtu mwingine mpaka mtoto aruhusiwe kutoka. Kifungu hicho kinamhusu kibarua pamoja na mwajiriwa wa kudumu. Wako watakaosema siku kumi ni nyingi. Siku za hatari kuu ni mbili za kwanza, kisha mtoto huhitaji siku kadhaa za maziwa mepesi, kisha siku za kupandishwa chakula. Kumi ni chache.

Kuhusu gharama, neno moja tu. Tangu Oktoba 2024 makato ya NHIF yamekwisha, na sasa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya SHA. Wako wanachama wanaokatwa kila mwezi na hawajaandikisha watoto wao. Nendeni mkawaandikishe wakati wana afya.

Limebaki jambo la baada ya hospitali, na wengi hudhani hapo kazi imekwisha. Uchunguzi mwingine wa hapa Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata watoto 1,778 waliokuwa wamelazwa kwa utapiamlo mkali katika hospitali nne za Pwani na Nairobi, wakatulia, wala hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Nusu walipewa dawa ya kuzuia viini kila siku, nusu hawakupewa. Dawa haikuleta tofauti katika vifo. Katika pande zote mbili, watoto 14 au 15 katika kila mia walikufa kabla ya mwaka kwisha. Na uchunguzi mkubwa wa nchi sita, uliotolewa mwaka 2022, ambamo Kilifi, Migori na Mbagathi zilikuwamo, uliona kwamba karibu nusu ya watoto wagonjwa waliokufa walikufa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto hurudi kwenye chumba kile kile, uji ule ule, maji yale yale, na mama hurudi kazini kesho yake kulipa deni la siku alizokosa.

Kwa hiyo pakiti za karanga anazopewa mtoto akitoka ni dawa yake, wasigawiwe ndugu zake, wala zisiuzwe dukani. Pakiti moja ina kalori 500. Tarehe ya kurudi kliniki iandikwe ukutani. Akianza kuharisha tena, au miguu ikivimba tena, arudishwe siku hiyo hiyo. Na uji utiwe kitu: maharagwe yaliyopondwa, maziwa, omena iliyosagwa, kijiko cha mafuta, yai likipatikana.

Makatibu wa matawi wamepewa daftari. Yeyote anayejua nyumba yenye mtoto aliyetoka hospitali mwezi huu, ampe katibu jina la kambi au mtaa na namba ya chumba, bila kumtaja mtoto mbele ya watu. Akina mama wa kamati watapita Jumapili mchana na utepe wa mkono, pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa ule. Tawi la Naivasha lilete daftari lake kabla ya mwisho wa mwezi, maana mazungumzo na waajiri yatataka hesabu.